Fundi Tujibu: kutu ndani ya tangi la pikipiki ya zamani

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, kutu ndani ya tangi la mafuta, kwahiyo nimeamua safu nzima iwe ya hilo tu, mambo ya klachi na waya tutarudi toleo lijalo. Maswali nimeyafupisha ila kiini chake nimekiacha. Na niseme mapema maana nitalirudia sana humu: watu wanaumiza kichwa wachague asidi gani, wakati asidi ndo sehemu rahisi ya kazi. Kinachoharibu matangi ni kutotoa uchafu wa petroli ya zamani kabla, na kutokausha vizuri baada.

SWALI: Shikamoo fundi. Babu ameniachia Triumph ya 1969, imekaa stoo miaka na miaka ikiwa na petroli nusu tangi. Nimefungua kifuniko nikamulika na tochi, juu kote kahawia, chini kuna tope jeusi linanata na harufu yake kali sana. Rangi ya nje bado ni ya kiwandani na sitaki iguswe. Kuna jamaa ananiambia mwaga asidi ya betri, acha ilale, asubuhi imeisha hiyo. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuachiwa mali kama hiyo. Asidi ya betri weka pembeni kabisa. Ile haichagui, inakula kutu na inakula chuma chenyewe, na bati la tangi la umri huo lishaliwa tayari, af ikidondokea hiyo rangi ya kiwandani ndo basi tena, hakuna wa kukurudishia. Tangi la namna hiyo linataka dawa pole na muda wa kutosha.

Kabla ya chochote, jua unashika nini. Tangi tupu lina hatari kuliko tangi lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, sio petroli yenyewe ikiwa imetulia. Mvuke ukiwa kama asilimia 1.4 mpaka 7.6 ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha. Na ni mzito kuliko hewa, unashuka unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto ambao wewe hata huuoni. Kwahiyo toa tangi kwenye pikipiki, fanyia kazi nje, hakuna sigara, hakuna jiko, hakuna taa ya umeme ya kuchomeka inayoning'inia karibu na shingo ya tangi. Vaa glavu zisizopitisha kemikali na miwani ya kinga. Hilo tope la chini usilishike kwa mkono mtupu, pikipiki ya 1969 imekunywa petroli yenye risasi, ile metali yenye sumu, kwa miaka mingi na mabaki yake yanaweza kuwa humo humo. (Petroli ya risasi imeisha vituoni duniani kote mwaka 2021 tu, Algeria ikiwa nchi ya mwisho kuiacha.)

Sasa ulivyoeleza kwamba juu kahawia na chini tope, hapo tangi limekwambia historia yake. Ile sehemu ya juu ambayo haikufunikwa na petroli ilikuwa inapumua, mchana joto hewa inatanuka inatoka, usiku baridi hewa inaingia na unyevu wake, unyevu unaganda kwenye bati, kutu inaanza. Chini nako petroli imekaa mpaka sehemu nyepesi zote zimepaa, ikabaki gundi. Na maji yaliyoingia yote yamelala chini ya gundi hiyo, maana maji ni mazito kuliko petroli, yakakaa palepale kwenye mshono. Kwahiyo usidanganywe na hiyo kahawia unayoiona juu, kutu mbaya zaidi mara nyingi ipo chini ambako bado hujaiona.

Ndo maana gundi inatoka kwanza. Asidi yoyote ile haipiti kwenye mafuta wala gundi, utaloweka wiki nzima na utakapomwaga utakuta sehemu imeng'aa na sehemu iko vilevile halafu utasema dawa ni feki. Toa koki zote mbili, toa kifuniko, ziba matundu ya koki kwa bolti zenye hesi hiyohiyo na washa ya shaba au faiba. Usitumie koki zenyewe kama vizibo, mpira wa ndani utaharibika. Halafu maji ya moto na sabuni kali ya kuondoa grisi, tikisa, acha iloweke, mwaga, rudia. Asetoni inayeyusha gundi haraka zaidi, lakini tone moja likigusa rangi yako umeshapata kovu, kwahiyo kwa tangi lako mi ningebaki na maji moto na sabuni nirudie mara nyingi, hata kama inachosha. Utajua umefika pale ukimwaga maji safi ndani ukamulika ukaona yametandaa kwenye bati kama utando mmoja. Yakijikusanya vidonge vidonge, bado kuna mafuta, endelea.

Baada ya hapo unatoa kutu ile iliyolegea. Watu wanatia nati, skrubu, kokoto, kila mtu na yake. Mi napenda kipande cha cheni laini, kwasababu cheni inaingia nzima inatoka nzima, unaivuta na waya na hakuna kinachobaki nyuma. Ukitumia nati zihesabu zikiingia na uzihesabu zikitoka, nati moja ikibaki kwenye kona ya tangi utaisikia kila ukipita shimo. Tia cheni na maji ya sabuni, funika tangi na blanketi nene ulifunge vizuri kulinda rangi, tikisa pande zote, hasa lile pembe la nyuma kila upande wa mgongo wa tangi ambako mkono haufiki. Kama ukibonyeza bati na kidole unahisi linabonyea, ruka hatua hii usitikise kitu kigumu humo.

Ndo tunakuja kwenye dawa. Kwako nashauri asidi ya sitriki, ya unga. Gramu 50 mpaka 100 kwa kila lita ya maji, maji yawe ya moto kiasi maana ikiwa baridi inafanya kazi kivivu sana. Jaza mpaka shingoni, usijaze nusu, ukijaza nusu utapata mstari kwenye bati na juu ya mstari kutu itaongezeka badala ya kupungua, kwasababu pale kuna unyevu na hewa. Usikaze kifuniko. Asidi ikimaliza kutu inaanza kugusa chuma na inatoa viputo vya haidrojeni, ile gesi inawaka na inataka njia ya kutokea. Zungushia shingo nailoni na kitambaa chenye maji ili ikifurika isitiririkie rangi. Baada ya masaa sita hivi anza kuchungulia, matangi mengi yanakuwa tayari ndani ya siku moja, na ukiona bati limekuwa la kijivu lisilong'aa sana basi mwaga, usiache eti iongeze ongeze. Likiwa bado na madoa, tengeneza dawa mpya, ile ya zamani ishachoka.

Ukimwaga tu, suuza na maji mengi, af mara moja jaza maji yenye magadi soda, vijiko kadhaa vya chakula kwa tangi zima, kuua asidi iliyobaki kwenye mishono. Itatoa povu, usifunike. Suuza tena. Kuanzia hapo usiende kula, usipokee simu, kukausha ndo kila kitu na nimelieleza kwenye swali linalofuata maana mwenzako amekwama hapohapo.

SWALI: Fundi mi nilitumia siki, siku tatu, tangi likatoka linapendeza kabisa. Nikaliacha likauke lenyewe juani. Kesho yake ndani limekuwa rangi ya chungwa lote. Siki mbovu au?

JIBU: Siki haina kosa ndugu yangu. Siki ya kawaida ina asidi kama asilimia 5, inatosha kabisa kwa kutu isiyo nene, ni polepole tu. Tatizo ni kwamba chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi, hakina mafuta, hakina rangi, hakina hata ule utando mwembamba kilichokuwa nao zamani, na kina maji. Kutu inarudi kwa dakika, sio kwa siku. Unaweza kusimama ukaiangalia inavyokuja.

Kwahiyo kila kitu kiwe tayari kabla hujamwaga asidi: maji, magadi soda, hewa ya kupulizia, oili. Ukimaliza kusuuza mara ya mwisho geuza tangi, tikisa maji yatoke, toa bolti kwenye matundu ya koki ili hewa ipite, halafu pulizia hewa ya moto kwa draya ya nywele au upande wa kutolea hewa wa mashine ya kufyonza vumbi, ingiza kwenye shingo hewa itokee chini. Geuza geuza tangi, mshono wa chini unaficha maji. Endelea mpaka bati liwe la moto mkononi lote sawasawa, kona ikiwa baridi bado ina maji.

Njia nyingine ni kusuuza na spiriti au asetoni, vinabeba maji vinatoka navyo. Ila hapa nasisitiza, chagua moja. Ukishatia spiriti usiwashe draya, ile koili ya ndani ni nyekundu kwa moto na umejaza mvuke unaowaka kwenye chombo cha chuma. Ukitumia spiriti acha upepo wa kawaida umalizie.

Likikauka tu tia oili ya tustroku, ile ya kuchanganya na petroli, kiasi kidogo pamoja na petroli kidogo, funga, zungusha tangi mpaka kila sehemu ipate. Halafu kama pikipiki ipo tayari jaza petroli ujaze kabisa. Oili hiyo itayeyuka yenyewe kwenye petroli na haidhuru injini, utaona moshi kidogo mwanzoni basi.

Kwa hilo lako la chungwa usihuzunike, hiyo ni kutu ya juu juu. Loweka tena kwenye siki au sitriki masaa machache tu. Ukitaka kinga zaidi malizia na asidi ya fosforiki iliyozimuliwa, izungushe humo ndani kwa muda mfupi, yenyewe inageuza kutu iliyobaki kuwa fosfeti na inaacha utando wa kijivu unaochelewesha kutu mpya. Suuza haraka, kausha haraka, oili. Utando huo unasaidia ila hauzuii kabisa kwahiyo oili usiiache.

SWALI: Habari fundi. Nimeambiwa elektrolisisi, ile ya kutoa kutu kwa umeme, ndo bora kuliko asidi zote na haili chuma. Nina chaja ya betri ya gari, nina kijiko kikubwa cha chuma cha pua, nimefikiria kukitumia kama ile fimbo ya katikati. Tangi ni la BSA ya miaka ya hamsini, kutu ni nene inabanduka.

JIBU: Nzuri dada yangu, na kwa kutu nene ya kubanduka elektrolisisi kweli ni kiboko, ila hicho kijiko rudisha jikoni. Chuma cha pua kina kromiamu, ukikipitishia umeme upande wa chanya kinaweza kutoa kromiamu ya aina yenye sumu mbaya inayosababisha saratani, na utakuwa nayo kwenye maji lita kumi na kitu bila pa kuyamwaga. Tumia chuma cha kawaida, kipande cha nondo kinafaa sana.

Maji unaweka sodiamu kaboneti, ile soda ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne hivi. Usitumie chumvi ya mezani, itatoa klorini. Nondo iingie kwenye shingo ya tangi, ishikiliwe na kipande cha plastiki au mpira chenye matundu ya kutolea gesi, na isiguse bati sehemu yoyote, ikigusa ni shoti. Waya hasi wa chaja uende kwenye tangi, chanya kwenye nondo. Hakikisha mara mbili, maana ukigeuza umeme utakuwa unalila tangi na kuiponya nondo. Ampea chache zinatosha, huna haja ya kasi.

Umeme huu unafanya kazi zaidi pale nondo inapotazamana na bati moja kwa moja. Tangi la pikipiki limekaa kama tandiko, lina mabonde mawili kushoto na kulia, kwahiyo nondo iliyonyooka katikati itasafisha juu ya mgongo na kuacha mabonde. Pinda nondo iingie bonde moja, acha masaa, kisha hamia lingine. Nondo yenyewe itajaa uchafu, itoe uisugue, urudishe. Chaja za kisasa zenye kompyuta nyingi zinagoma kuwaka zisipoona betri, ile ya zamani isiyo na akili ndo inafaa hapa.

Gesi inayotoka ni haidrojeni na oksijeni pamoja, mchanganyiko unaolipuka vibaya, kwahiyo fanyia nje, na ukitaka kugusa waya zima chaja kwanza ukutani ndo uchomoe klempu, usichomoe ikiwa inawaka maana hapo ndo cheche inaruka. Uzuri wake ni huo ulioambiwa, chuma kizima hakiliwi, unaweza ukaiacha hata ikapitiliza muda bila madhara. Ukimaliza, kukausha ni kulekule.

Na kwasababu ni tangi la zamani, liangalie mishono. Baadhi ya matangi ya zamani sana yameunganishwa kwa lehemu badala ya kuchomelewa. Lehemu haipendi asidi kali, kwahiyo kwa hayo asidi ya haidrokloriki sio, tumia molasi, sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji. Inachukua wiki kadhaa na inanuka, lakini inashika kutu tu na bati linabaki salama. Kuna na dawa za dukani za aina hiyohiyo za kushika kutu bila asidi kali, zinafanya kazi vizuri na ni salama kwa rangi kuliko asidi, shida yake ni kwamba kujaza tangi zima inataka nyingi.

SWALI: Kwanini usiwaambie watu wapake tu epoksi ya ndani wakamaliza? Mi nataka nipake nisahau.

JIBU: Kwasababu nimewaona wanaokuja baadaye ndugu. Ile dawa ya kupaka ndani ni nzuri ikishika, lakini ili ishike bati liwe halina chembe ya mafuta, halina kutu iliyolegea, na limekauka kabisa kabisa, yaani uwe umefanya kazi yote niliyoieleza hapo juu kwa usahihi. Na ukiwa umeifanya yote hiyo kwa usahihi, mara nyingi huna haja ya kupaka tena. Anayepaka kwa sababu hakutaka kusafisha ndiye anayepata shida: utando unainuka, petroli inaingia nyuma yake, unabanduka vipande vinaenda kuziba koki, na chini yake kutu inaendelea kula ikiwa imefichwa. Kuna tando za zamani pia ambazo hazivumilii ethanoli iliyomo kwenye petroli za siku hizi, zinalainika. Kuutoa utando uliobanduka kunahitaji vimumunyisho vikali ambavyo vitaondoka na rangi ya nje pia.

Mi nasema paka pale tu tangi lina vitundu vingi vya sindano, au bati limekuwa jembamba kiasi kwamba bila utando halitakaa. Ukipaka, ziba hesi za koki na grisi kwanza, zungusha tangi taratibu, na mwaga yote inayobaki, usiache dimbwi chini kwasababu dimbwi halikauki katikati. Af heshimu muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo.

SWALI: Nimesafisha tangi vizuri kama ulivyowahi kueleza, sasa linavuja chini kwenye mshono. Halikuwa linavuja kabla! Asidi imelitoboa?

JIBU: Pole sana. Inawezekana, ila mara nyingi tundu lilikuwepo na kutu yenyewe ndo ilikuwa imeliziba. Kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma ilichotoka, kwahiyo inajijaza kwenye tundu na kulibana. Heri umelijua sasa tangi likiwa mezani kuliko ungelijua njiani petroli inadondokea kwenye injini ya moto.

Kutafuta vitundu, ziba kila mahali, tia hewa kidogo sana kwa pampu ya baiskeli, paka maji ya sabuni nje uangalie povu. Nasema kidogo sana, tangi halijatengenezwa kubeba presha, ukizidisha litavimba, na kompresa usiisogeze kabisa. Kitundu kimoja kimoja kinazibwa kwa lehemu, kwa pasi kubwa ya kulehemu isiyo na moto wazi. Kikiwa kikubwa au mshono umeachia mpelekee mchomeleaji ambaye ameshachomelea matangi, umwambie wazi kwamba lilikuwa na petroli. Hata tangi lililooshwa vizuri linaficha petroli ndani ya mshono, likipata joto inatoka mvuke. Mchomeleaji anayejua atalioshea tena mwenyewe na kulijaza gesi isiyowaka, mfano agoni, kabla hajawasha moto. Akikwambia haina haja, beba tangi lako uondoke.

SWALI: Sumaku haishiki kwenye tangi langu. Niendelee tu na sitriki?

JIBU: Hapana, simama. Sumaku isiposhika basi ni aluminiamu au faibaglasi, na hayo hayapati kutu. Hicho unachokiona ndani ni gundi ya petroli au, kwa aluminiamu, unga mweupe. Aluminiamu usiitie kostiki soda, inachemka inatoa haidrojeni na bati linayeyuka. Faibaglasi usiitie asetoni, na iangalie sana kama petroli unayotumia ina ethanoli, maana resini za zamani zinalainika, inakuja kuziba kabureta kwa gundi isiyotoka. Kwa yote mawili maji moto na sabuni.

SWALI: Fundi, pikipiki inakwenda vizuri kilomita chache halafu inakosa nguvu inazima, nikisubiri inawaka. Kabureta nimeisafisha mara nyingi mpaka nimechoka. Nabadilisha kabureta?

JIBU: Usibadilishe, acha kwanza kabureta. Hii ni petroli haifiki, na ukisafisha kabureta bila kusafisha tangi unafanya kazi ileile kila wiki. Kutu laini inapita kwenye wavu wa koki, inajilaza chini ya bakuli la kabureta, inaziba jeti, na mara nyingine inakaa kwenye sindano ya boya ikazuia isifunge, hapo utaona kabureta inamwaga petroli.

Fanya jaribio. Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa ya kioo, fungua koki. (Kama koki yako inafunguka kwa mvuto wa injini, iweke kwenye ile alama ya kupitisha moja kwa moja.) Ikitoka nyembamba tangu mwanzo, koki au wavu wake umeziba. Ikianza vizuri halafu ikapungua polepole, fungua kifuniko cha tangi: ikirudi kwa nguvu, tundu la kupumulia kwenye kifuniko limeziba, kutu inaliziba mara kwa mara, na tangi lisipopumua petroli haishuki. Acha hiyo chupa itulie kisha itazame kwa mwanga, utaona unga mwekundu chini, au maji yamejitenga chini ya petroli. Ukiviona vyote viwili soma jibu la kwanza uanze kazi.

Ukiweka chujio kwenye mpira baadaye chagua la wavu wa shaba. Yale ya karatasi mengi yametengenezwa kwa pampu, na petroli inayoshuka kwa uzito wake tu inashindwa kupita, hasa tangi likikaribia kuisha.

SWALI: Nikishasafisha, nihifadhi vipi pikipiki ambayo naiendesha mara chache tu?

JIBU: Kuna njia mbili tu na katikati yake hakuna. Ama tangi lijae mpaka juu, hewa isipate nafasi, ama liwe tupu kabisa, limekauka na limepakwa oili ndani. Nusu tangi ndo ugonjwa wote wa barua za leo. Kujaza kunafaa kwa miezi michache, na kama petroli haina ethanoli ni bora zaidi. Ethanoli inavuta maji kutoka hewani na kuyashika, petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli inabeba maji kama nusu asilimia hivi, ikizidi hapo maji na ethanoli vinajitenga pamoja vinashuka chini kwenye mshono wako. Uingereza walipoifanya petroli ya aina hiyo kuwa ya kawaida Septemba 2021, wenye vyombo vya zamani walishauriwa watumie ile yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, na ni ushauri wa kufuata popote pale penye chaguo. Pikipiki ikikaa zaidi ya hiyo miezi michache, mwaga petroli yote, oili ndani, funga matundu. Na mpira wa kifuniko ubadilishe ukiwa umekauka, maji ya mvua yanaingia hapo watu wanalaumu petroli.

Ukiwa na injini ya tustroku ambayo petroli yake inachanganywa na oili tangini, una bahati, tangi linajipaka lenyewe. Ila siku ukitaka kulisafisha utatoa mafuta mara nyingi zaidi ya wenzako kabla asidi haijashika.

SWALI: Asidi iliyotumika namwaga wapi?

JIBU: Siki na sitriki iliyotumika, tia magadi soda mpaka povu liache kutoka, iache itulie, tope la kutu libaki chini utenganishe. Lakini yale maji ya kwanza yenye petroli, gundi na labda risasi usiyamwage kwenye mtaro wala udongoni, yaweke kwenye dumu lenye kifuniko uandike juu yake ni nini, uyapeleke panapokusanywa oili chafu, pamoja na hiyo petroli ya zamani uliyoitoa. Kwenye pikipiki usiirudishe.